Nikiihamisha diski pepe kwenda seva nyingine, data itabaki?

Msomaji anayesimamia seva za hospitali moja mkoani ameandika:

"Shikamoo mtaalamu. Tuna storeji ya IBM Storwize V7000, kontrola mbili, imeunganishwa kwa faiba. Inahudumia seva tatu za ESXi (programu ya VMware ya kuendesha mashine pepe) na seva moja ya Linux yenye databesi ya wagonjwa. Kadi ya HBA, inayoiunganisha hiyo seva ya Linux na storeji, imekufa poti moja. Seva mpya imeshafika na uongozi unataka databesi ihamie huko. Fundi anasema ni kufuta mapingi ya diski na kuiweka upya kwenye seva mpya, kazi ya dakika tano. Mimi naogopa. Aliyekuwepo kabla yangu aliondoa diski aliyodhani haitumiki, ESXi moja ikaganda mpaka ikazimwa kwa swichi. Je, nikifuta mapingi data inafutika? Nitajuaje diski ninayoigusa ndiyo yenyewe? Na nianzie wapi, kwenye storeji au kwenye seva?"

Marahaba. Naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lililoigandisha ile ESXi. Ukiwa unaondoa diski, anzia kwenye seva, umalizie kwenye storeji. Ukiwa unaweka, anzia kwenye storeji, umalizie kwenye seva. Fundi wako hajakosea kuhusu muda: amri yenyewe kwenye storeji haichukui hata sekunde kumi. Kazi iko kwenye yale yanayoitangulia.

Data haifutiki. Mapingi ni mstari mmoja tu kwenye jedwali la storeji, wenye mambo matatu: jina la diski pepe (kipande cha nafasi ya storeji ambacho seva hukiona kama diski), jina la hosti, yaani seva, inayoruhusiwa kuiona, na namba ambayo hosti hiyo itaiona nayo, yaani namba ya LUN, ambayo IBM wanaiita SCSI ID. Ukifuta mstari huo, vipande vya data vinabaki pale pale kwenye diski halisi. Amri ya kuondoa mapingi ni rmvdiskhostmap. Amri inayoiua diski pamoja na data yake ni rmvdisk. Tazama jinsi majina hayo mawili yanavyofanana. Usiku wa manane, macho mazito, terminali ina herufi ndogo, hapo ndipo watu huumia. Kwa bahati nzuri rmvdisk hukataa kufanya kazi kama diski bado ina mapingi, labda uiongezee -force. Kwa hiyo ukiona amri imekukatalia usiwe mwepesi wa kuiongezea hilo neno. Soma kwanza inakukatalia nini.

(Ukiingia kwenye kurasa za storeji kwa kivinjari utaona diski pepe zinaitwa volyumu, lakini kwenye amri bado ni vdisk tangu enzi za SAN Volume Controller ya IBM ya 2003. Ni kitu kile kile.)

Sasa kuijua diski. Sahau sdb na sdc, kwa sababu Linux hugawa majina hayo kadiri inavyokutana na diski, na yanaweza kubadilika seva ikiwashwa upya. Sahau pia namba ya LUN kama kitambulisho: diski moja inaweza kuwa namba 1 kwa seva hii na namba 4 kwa seva ile, na diski mbili tofauti zinaweza zote kuwa namba 0 kwa seva mbili tofauti. Ukubwa nao hautoshi. Nimekuta storeji yenye diski tano za terabaiti mbili kila moja, zimepewa majina vdisk0 hadi vdisk4, na hakuna mtu ofisini aliyeweza kusema ipi ni ya nani.

Kitambulisho cha kuaminika ni UID, mfuatano wa tarakimu 32 za heksadesimali ambao diski hupewa inapozaliwa na haubadiliki mpaka inapofutwa. Kwenye V7000 andika:

lshostvdiskmap -delim ,

Bila kutaja hosti, amri hiyo inakupa mapingi zote za storeji nzima, na UID iko kwenye safu ya vdisk_UID. Inaanza na 6005076. Kisha nenda kwenye seva ya Linux uandike multipath -ll, amri inayoorodhesha kila diski na njia zake. Utaona namba ile ile, ila imetanguliwa na 3, yaani 36005076 na kuendelea. Hiyo 3 ya mbele ni aina ya kitambulisho tu, iondoe kisha linganisha zilizobaki. Kwenye ESXi, esxcli storage core device list inaionyesha kama naa.6005076 na kuendelea. Usilinganishe tarakimu nne za mwisho pekee. Diski za storeji moja hufanana karibu mfuatano wote, na tofauti wakati mwingine ni tarakimu moja. Nakili mfuatano mzima, ubandike kwenye faili moja juu ya mwingine, na utazame kwa macho.

Matokeo ya hiyo lshostvdiskmap yahifadhi kwenye faili lenye tarehe kabla hujagusa chochote. Ndiyo ramani yako ya kurudi nyumbani kama mambo yakienda kombo, pamoja na namba za SCSI ID zilivyokuwa.

Kuna swali hukuuliza lakini linahusika: hiyo poti ya HBA iliyokufa. Kama mngekuwa mnabadilisha kadi peke yake, msingehitaji kugusa mapingi hata moja. Mapingi imefungwa kwenye jina la hosti ndani ya storeji, na chini ya jina hilo ndipo zimeorodheshwa WWPN za poti, zile namba zenye tarakimu 16. Kadi mpya huja na WWPN mpya. Unaiongeza kwa addhostport, unaitoa ya zamani kwa rmhostport, unarekebisha zoni (orodha ya poti zinazoruhusiwa kuonana) kwenye swichi ya faiba, basi. Nimeona watu wakifuta hosti nzima pamoja na mapingi zake zote kwa sababu ya kadi moja, kisha wanahangaika kukumbuka diski ipi ilikuwa na namba gani. Ukiandika lshost sasa hivi, naamini seva yako inaonekana degraded, maana poti moja haipo. Maana yake ni kwamba databesi ya wagonjwa inapumulia njia ya upande mmoja tu, kwa hiyo uhamisho huu usicheleweshe.

Anza na seva mpya, na usianze na diski ya wagonjwa. Itengenezee hosti yake kwenye storeji, tuiite DB02, uipe WWPN zake mbili. Kama hazionekani kwenye orodha ya lsfcportcandidate (matoleo ya zamani ni lshbaportcandidate), tatizo liko kwenye zoni au kebo, na hakuna amri ya storeji itakayolitibu. Zikionekana, tengeneza diski ndogo ya gigabaiti moja, iite jaribio, uielekeze DB02. Kwenye seva endesha rescan-scsi-bus.sh, ambayo inakuja na kifurushi cha sg3_utils, kisha multipath -ll. Kwa mpangilio wa kawaida wa swichi mbili, kila poti ya seva ikiona poti moja ya kila kontrola, utahesabu njia nne: mbili zenye prio=50 (prio ni kipaumbele cha njia) kwenda kontrola inayoimiliki diski, na mbili zenye prio=10 kwenda ile nyingine. Ukiona njia mbili tu, au zote nne zina prio moja, simama hapo utafute sababu. Weka mfumo wa faili juu yake, andika faili kubwa, kisha chomoa kebo moja ya faiba huku uandishi unaendelea. Uandishi ukisita kidogo kisha ukaendelea, seva iko tayari.

Halafu iondoe hiyo jaribio kwa utaratibu ule ule nitakaoueleza hapa chini. Utakuwa umefanya mazoezi kwenye kitu kisicho na thamani.

Siku ya kazi yenyewe, bakapu ya databesi iwe imechukuliwa na imejaribiwa kurejeshwa mahali pengine. Kwenye seva ya zamani, tuiite DB01:

Zima databesi. Fanya umount ya /data, au popote ilipo. Ikikujibu target is busy, usiilazimishe. Amri ya fuser -vm /data itakuonyesha nani bado amekaa ndani, na mara nyingi ni ajenti wa bakapu au terminali yako mwenyewe uliyoiacha kwenye folda hiyo. Weka alama ya # kwenye mstari wake ndani ya /etc/fstab, kwa sababu seva ya zamani ikiwashwa upya bila diski na mstari upo, itaishia kwenye hali ya dharura na utaitwa tena kwa kitu kisicho na maana. Kama mnatumia LVM (mfumo wa Linux wa kupanga diski kwa makundi yaitwayo vg), vgchange -an kisha vgexport kwa jina la vg yenu.

Sasa multipath -ll kwa mara ya mwisho, na uandike pembeni majina ya njia zilizobaki hai chini ya UID ile: tuseme sdc na sdf. Uandike kabla, kwa sababu amri inayofuata, multipath -f, inavunja kifurushi cha njia na baada ya hapo orodha hiyo huipati tena kirahisi. Kisha kwa kila njia:

blockdev --flushbufs /dev/sdc
echo 1 > /sys/block/sdc/device/delete

Rudia kwa sdf. Kufikia hapa seva imeiachia diski kwa hiari yake, haina faili lililo wazi, haina data kwenye kashe (kumbukumbu ya muda) inayosubiri kuandikwa. Ndipo unakwenda kwenye storeji (diski ya wagonjwa tuiite vd_wagonjwa):

rmvdiskhostmap -host DB01 vd_wagonjwa
mkvdiskhostmap -host DB02 -scsi 1 vd_wagonjwa

Rudi kwenye seva mpya, skani, hakiki UID tarakimu kwa tarakimu, vgimport, vgchange -ay, na mara ya kwanza ifungue kwa kusoma tu, mount -o ro, uangalie kama faili zipo na tarehe zake ni za leo. Vitu viwili huwakwamisha watu hapa. Kama seva mpya ina RHEL 9 au ndugu zake, LVM inaangalia tu diski zilizoandikishwa kwenye faili lake la vifaa, kwa hiyo diski itaonekana kwa multipath lakini pvs, amri ya LVM ya kuorodhesha diski, itakaa kimya kana kwamba haipo. Amri ya vgimportdevices ndiyo tiba, wala hakuna kilichopotea. La pili ni namba za watumiaji. Kama mtumiaji wa databesi alikuwa na namba (uid) 26 kule na huku ana 991, databesi itakataa kuwaka ikidai haina ruhusa. Linganisha kwa amri ya id kwenye seva zote mbili siku moja kabla.

Kwa nini msisitizo wote huu wa seva kuachia kwanza? Kuinyang'anya diski inayotumika ni sawa na mwenye nyumba kubadilisha kitasa mpangaji akiwa sokoni na sufuria iko motoni. Linux iliyowekewa no_path_retry queue ikipoteza njia zote haitoi kosa. Inasubiri, na itasubiri milele ikiamini kontrola inawashwa upya na itarudi. Kila mchakato uliogusa diski hiyo unaingia hali ya D, ambayo hata kill -9 haiugusi. Ukiandika df uone nafasi, df yenyewe inaganda. Watu wengi hapa huikimbilia swichi ya umeme. Kabla ya kufika huko jaribu multipathd disablequeueing map ukitaja jina la diski: maombi yaliyokwama yanarudishwa na kosa, michakato inakufa, na unaweza kuendelea. Njia rahisi kuliko zote, kama umegundua mapema, ni kurudisha mapingi kama ilivyokuwa, kwa SCSI ID ile ile. Ndiyo maana nikasema hifadhi lile faili.

Kuna hatari nyingine ambayo haigandishi chochote, na kwa sababu hiyo naiogopa zaidi. Umeondoa diski A yenye namba 3 bila seva kujua. Dakika chache baadaye unaielekeza diski B kwa seva hiyo hiyo, na storeji inaipa namba ya kwanza iliyo wazi, ambayo ni ile ile 3. Upande wa seva, sdc bado ipo, bado inaitwa A kwenye kumbukumbu za kerneli, lakini waya wake sasa unaishia kwenye B. Kitakachoandikwa kikidhaniwa ni cha A kitatua juu ya B. Matoleo mapya ya multipath hujaribu kuligundua hili, lakini usiyaachie maisha yako. Namba iliyoachwa isitumike tena kwa seva hiyo mpaka seva iwe imefuta njia za zamani na kuskani. Mimi hutaja -scsi kwa mkono kila mara, siiachii storeji ichague.

Kuhusu ile ESXi iliyoganda. Mpangilio kule ni huu: hamisha mashine pepe zote kutoka kwenye datastoo (mahali ESXi inapozihifadhi), hakikisha haitumiki na HA (huduma inayowasha upya mashine pepe seva ikifa) kwa mapigo ya moyo wala hakuna mashine inayoishika diski moja kwa moja kwa RDM, fanya unmount ya datastoo kwenye seva zote tatu, kisha detach ya kifaa kwenye zote tatu, ndipo uondoe mapingi, ndipo uskani. Wengi huishia kwenye unmount na kuiruka detach. Diski ikitoweka ghafla, kinachofuata kinategemea storeji imejibu nini. Ikijibu kwa kodi 5h 25h 0h, yaani LUN hii haipo, ESXi inaelewa kwamba kifaa kimeondoka moja kwa moja na inaacha kukisubiri. Isipojibiwa kitu, inadhani njia zote zimekatika kwa muda na itaendelea kujaribu. Tangu toleo la 5.1 inasubiri sekunde 140 kabla ya kuanza kuyarudisha maombi yenye kosa. Katika muda huo wa kusubiri huduma ya hostd, inayosimamia seva, inaweza kukwama, na kwenye vCenter, programu ya kusimamia seva zote za ESXi, seva inaonekana haijibu wakati mashine zake nyingine zinaendelea kufanya kazi vizuri kabisa. Hivyo huenda ile seva iliyozimwa kwa swichi ilikuwa imebeba mashine zilizokuwa salama.

Tena huyo aliyekutangulia alidhani diski haitumiki. Diski isiyosomwa wala kuandikwa leo inaweza kuwa ya ripoti ya mwisho wa mwezi au ya ukaguzi wa mwaka. Ondoa mapingi kwa utaratibu, badilisha jina lake liwe na tarehe na neno linaloeleweka, uiache ikae. Haikugharimu zaidi ya nafasi. Usiifute mpaka mwisho wa mwezi upite na hakuna aliyelalamika. Na kama fimwea yenu (programu ya ndani ya storeji) inaruhusu, washa ulinzi wa diski kwa chsystem -vdiskprotectionenabled yes; storeji itakataa kufuta diski au mapingi ambayo imeona ikitumika ndani ya muda uliouweka, kati ya dakika 15 na 1,440.

Jambo moja tu nakuomba usilifanye hata ukibanwa na muda. Usiielekeze diski ya wagonjwa kwa seva zote mbili kwa pamoja "ili uhamisho uwe mwepesi". Ukijaribu mkvdiskhostmap wakati mapingi ya DB01 bado ipo, storeji itakukatalia kwa CMMVC6071E, kwamba diski tayari ina hosti. Ukiongeza -force itakubali. VMFS, mfumo wa faili wa ESXi, imetengenezwa kwa seva nyingi kushirikiana diski moja, zina namna ya kufungiana. XFS na ext4, mifumo ya faili ya Linux, hazina. Kila seva inaamini iko peke yake, kila moja ina kashe yake, na zikiifungua zote mbili diski inaharibika bila ujumbe wowote wa kosa mpaka siku databesi inaposhindwa kusoma kurasa zake. Hata seva mpya kuiona tu, bila wewe kuifungua, si salama, maana baadhi ya mifumo huwasha vg na kuifungua diski yenyewe wakati wa kuwaka.

DB01 iache kwenye storeji bila mapingi yoyote kwa wiki kadhaa, ikiwa imezimwa. Siku ya kuifuta, toa kwanza WWPN zake kwenye zoni za swichi, kwa sababu mtu akija kuiwasha hiyo mashine ya zamani kwa kazi nyingine, isipate hata njia ya kugonga hodi kwenye storeji.